Nyota za Fukusi

Kitabu kiliingia karakanani kimefungwa kwa kipande cha kanga,
kutoka nyumba ya mapadri wa Kurasini waliohama,
mgongo umevunjika, pembe zimeliwa na mchwa.
"Kishone tu," waliniambia, "usikisome."
Nikakisoma. Au tuseme nilikitazama,
maana maandishi yake sikuyajua,
ila mbingu naijua.

Ukurasa wa tisa: majua matatu juu ya mji mmoja.
Mbele kidogo, nyota yenye mkia mfano wa fagio la chelewa,
na chini yake wanaume wanne wameinua vidole,
wote midomo wazi, wote pua ileile,
kwa kuwa mchongaji alijua kuchonga pua moja tu.
Kisha mvua ya mawe. Yanashuka wima,
yamepangwa kama maandazi kwenye sinia,
na ng'ombe hawana habari.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.
Katika usiku wa ile nyota ya mkia,
pembeni, palipo weusi mtupu,
niliona vitone vyeupe saba vimefuatana.
Havikuwa vya mchongaji. Patasi yake huacha pembe;
hivi ni duara, safi, kama tundu la sindano.
Nikachukua lenzi. Nikaelewa:
fukusi alikuwa ndani ya ubao.
Alikula usiku akatokea upande wa pili,
wino ulipopakwa ukaruka vishimo vyake,
karatasi ikabaki nyeupe.
Na yupo mtu, miaka mia nne iliyopita,
aliyezihesabu.

Jumamosi nikaenda Keko, kwa Mwinshehe,
fundi wa vitanda na makabati ya harusi.
Nichongee, nikamwambia, ile pete ya jua,
mwaka ule watu walipotoka madukani Kariakoo
wakatazama juu mpaka wezi wakapata riziki.
"Uliiona?"
"Nilikuwa wodini Muhimbili, najifungua. Nilisimuliwa."
"Na mimi nilikuwa chini ya kitanda cha mteja," akasema,
"napiga msumari."

Basi tukatafuta mashahidi.
Bi Kizenga wa mkaa: ilikuwa bangili, tena ya fedha.
Kijana wa vocha: fedha wapi, rangi saba, nyekundu kwa ndani.
Shemeji yake Mwinshehe, ambaye siku hiyo alikuwa Morogoro,
aliapa kwamba jua lilikuwa na macho.
Mwinshehe akawasikiliza, penseli sikioni,
akawachonga wote
kwenye kipande cha mwembe, maana mninga ni ghali.

"Mwanga hauchongwi," aliniambia, akipuliza vumbi.
"Unaondoa mbao. Palipobaki patupu ndipo jua.
Fundi anachobaki nacho ni giza."

Tulipiga chapa ya kwanza kwa mgongo wa kijiko
na Dar es Salaam ikatoka kinyumenyume:
bahari imehamia Ubungo,
jua linazama Kigamboni,
Askari wa sanamu amekuwa shoto.
Mwinshehe alitahayari, akataka ubao mwingine.
Nikamshika mkono. Hata yule wa kitabuni, nikamwambia,
pengine nyota yake ilitokea mashariki,
na nchi nzima ikaogopa upande usiohusika.
Akafikiri. "Lakini waliogopa kweli?"
Kweli.
"Basi," akasema, na kuosha patasi.

Kitabu nimekishona, kimeondoka.
Chapa zimegawanywa; Bi Kizenga yake ameibandika dukani
kichwa chini, anasema ndivyo ilivyokuwa.
Ubao umebaki kwangu, dirishani. Sijaupaka dawa.
Jana binti yangu, aliyezaliwa siku ya pete,
ameniuliza huu unga wa njano chini yake umetoka wapi,
ameshashika kitambaa.
Nikamwambia, acha, usiufute.
Kuna nyota inakuja.